Shoseti Nyeusi kwenye Mukono wa Exaucée

Nshobole alikuwa anaifunga ile shoseti kwa upole, kama mutu anayefunga kidonda. Kwanza alikuwa anaukanda mukono wa kushoto wa binti yake, kidole kwa kidole, anaupulizia pumzi ya moto kwa sababu asubuhi za Murara, hapa Goma, ni za baridi. Halafu anauingiza ndani ya shoseti nyeusi ya bwana yake, ile ya kuvaa na viatu vya kazi, na kuzungusha kipande cha kitenge kwenye kifundo. Hakukaza. Kila mara alipitisha kidole chake katikati ya kitambaa na ngozi, apate kujua kama damu inatembea. Exaucée, mutoto wa miaka saba, alikuwa ananyoosha mukono mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo Nshobole alikuwa anaangalia pembeni.

Mambo hayo yalianzia kanisani, siku moja ya Mungu, Jumapili ya mvua, watoto wa primaire, shule ya musingi, walipopewa kazi ya kupeleka matoleo. Exaucée alibeba sahani ya mayai. Njiani kitambaa cha kichwa kikaanza kumwangukia machoni, akakizuia kwa mukono wa kuume, na alipofika mbele ya padiri akapiga goti na kumunyooshea mayai kwa mukono wa kushoto. Padiri alipokea, akacheka kidogo, misa ikaendelea. Lakini kwenye mabenchi ya wamama ulisikika musonyo, kisha mwingine, na mutu akauliza kwa sauti ya chini kama huyo mutoto hana wazazi. Hata jirani hapewi chumvi kwa kushoto, sembuse Mungu.

Mama Fortunat, mama mukwe wa Nshobole, alikuwa amepanda boti kutoka Bukavu kuja kuwasalimia, na siku hiyo alikuwa ameketi benchi la pili, amevaa kitenge cha wamama Wakatoliki. Hakusema kitu kanisani. Njiani pia hakusema. Alisema mezani, mbele ya bugali, huku anaangalia mukono wa kushoto wa mujukuu wake ukielekea kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisema mukono wa kushoto ni wa kazi ya choo. Anayekupa kitu nao amekutukana, na anayekula nao anajitukana mwenyewe. Alisema yeye amelea watoto wengi, na hakuna hata mumoja aliyetoka na kasoro hii, basi waulizane imetoka upande gani. Nshobole aliinuka kwenda kuleta maji ambayo yalikuwa tayari mezani.

Bwana yake, Fortunat, ni clerc, yaani karani, kwenye depo moja ya simenti karibu na bandari, mutu wa maneno machache, na mbele ya mama yake hata hayo machache yanakwisha. Alisema tu kwamba mama anajua. Ndivyo shoseti ilivyoingia ndani ya maisha yao. Mama Fortunat alipanga hivi: sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia, na yeye mwenyewe alikuwa amemuomba katekista mutoto apewe tena matoleo siku hiyo, ili aibu ifutike pale pale ilipoandikwa. Exaucée akitoa vizuri, sawa. Akikosea tena, kesho yake atapanda boti na koko yake, yaani bibi yake, akanyooshwe kule Bukavu, kwa maana mama yake ana moyo laini mno. Na hakuwa anatisha bure. Nguo za mutoto zilikuwa zimekwisha kuingia ndani ya sakoshi yake, mufuko wa safari.

Nshobole hakuweza kuiwazia nyumba bila huyo mutoto. Ndiyo sababu alikuwa anafunga. Alijiambia hivyo kila asubuhi. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hakujiambia. Siku ile ya mayai, musonyo uliposikika, alitamani kwa muda mufupi Exaucée awe mutoto wa mutu mwingine. Hilo lilibaki ndani yake kama mufupa wa samaki uliokwama kooni.

Mutoto alibadilika, lakini si kwa namna ya kumufurahisha mama. Alianza kula polepole, akimwaga. Aliacha kuchora kwa makala, yaani makaa, kwenye mbao za jikoni, kazi aliyokuwa anaipenda mpaka ukuta wote ulikuwa umejaa kuku na pikipiki. Akiulizwa jambo, alikuwa anaweka shoseti mugongoni kwanza, ndipo ajibu. Mama Fortunat alisema hiyo ndiyo heshima, inaanza kuingia. Nshobole, ambaye alisoma primaire tu na hana maneno makubwa, aliona kwamba si heshima. Aliona, akachukua pasi yake ya makala, kwa maana ndiyo kazi yake: kupigia watu wa kartie, mutaa wao, nguo pasi, na mavazi ya korali ya parokia pia, ambamo yeye mwenyewe anaimba.

Korali hiyo inaongozwa na Kambere Florent, mutu wa Butembo, mwembamba, anayepiga piano ya umeme misa zote. Wanamwita Maestro. Wengine wanamwita hivyo kwa heshima, wengine kwa utani. Alijifunza muziki kwenye seminari, kwa padiri muzee wa Ulaya aliyekuwa na sahani za muziki kushinda sahani za chakula. Tangu vita ifike mujini, watu wanarudi nyumbani mapema, na repetisyo, mazoezi ya korali ya jioni, zikahamia muchana wa siku ya posho, yaani Jumamosi. Zikimalizika, Maestro anabakiza wanaotaka, anaunganisha simu yake kwenye bafle, spika kubwa ya parokia, na kuwasikilizisha muziki wa wazungu wa zamani. Wanaotaka ni wachache. Wanaongojea mvua iishe ndio wengi.

Posho ya mwisho kabla ya sikukuu, mvua ilikuwa inapiga mabati vibaya. Nshobole alibaki ndani ya salle, ukumbi wa parokia, Exaucée pembeni yake kwenye benchi, shoseti juu ya magoti. Mama Fortunat alikuwa ameagiza isitoke mpaka misa ya kesho.

Maestro hakusema jina la kitu chochote. Aliomba tu wafunge macho. "Mutasikia orchestre, halafu mutasikia piano," alisema. "Nitawauliza swali moja, rahisi. Hakuna wa kukimbia."

Muziki ulianzia chini sana, mahali ambapo sauti inakaribia kuwa udongo. Vyombo vya kina vilikuwa vinanung'unika, kimoja juu ya kingine, kama mulima wetu wa volkano siku zile unapotaka kutapika moto na watu wanalala na viatu. Ulipanda, ukapanda, mpaka Nshobole akashika benchi. Halafu vyombo vyote vikanyamaza kwa mara moja, na piano ikaingia peke yake. Iliingia kwa nguvu, ikishuka mpaka noti za chini kabisa na kupanda tena, na katikati ya fujo ile kulikuwa na wimbo mumoja unaotembea polepole, wa huzuni, usiojali kelele. Nshobole hajui kusoma noti. Lakini anajua mutu anayebeba muzigo na kuimba kwa wakati mumoja, kwa sababu ameona wamama wakitoka Munigi na kuni.

Alifumbua macho kidogo kumuangalia mutoto. Exaucée alikuwa amefumba yake kwa nguvu zote, na ndani ya shoseti vidole vilikuwa vinatembea.

Maestro akazima. Akauliza wamesikia mikono mingapi kwenye piano. Mama mumoja alisema miwili, kwani mutu ana mingapi? Joviale, wa sauti ya pili, alisema ni minne, ni watu wawili wameketi pamoja, mumoja juu, mumoja chini. Wengi walikubaliana naye. Nshobole pia aliinua kichwa kukubali.

"Ni mumoja," Maestro akasema. "Ule wa kushoto."

Kisha Lévi, mwimbaji wa besi na dereva wa moto, yaani pikipiki ya kubeba watu, mutu asiyeacha nafasi ipite, akasema kutoka nyuma:

"Maestro, kumbe ule wa chooni nao uko naimba?"

Watu walicheka mpaka benchi zikatikisika. Kicheko ni kama mvua, hakichagui nyumba. Na Nshobole akacheka. Hakuamua kucheka. Kilimutoka tu, pamoja na cha wengine, kirefu, cha kufungua mudomo, na kilipokuwa bado kinywani alihisi kitu kikisogea pembeni yake. Exaucée alikuwa anaiingiza shoseti chini ya sketi, polepole, kama mutu anayeficha kitu alichoiba. Mutoto hakuwa anamuangalia Lévi. Alikuwa anaangalia meno ya mama yake.

Nshobole alifunga mudomo, lakini kitu kikishaonekana kimeonekana.

Maestro aliacha wacheke wamalize. Kisha akawaeleza, bila haraka, akiwa ameketi kwenye kona ya meza. Alisema kulikuwa na kijana wa Vienna, mutoto wa tajiri, mupiga piano, aliyeitwa kwenye ile vita kubwa ya kwanza ya wazungu. Vita haikuwa imekomaa bado, risasi ikamuvunja mukono wa kuume. Madaktari walipokuwa wanaukata, adui wakafika hospitalini, na alipoamka alikuwa hana mukono na alikuwa mufungwa. Walimupeleka mbali, kwenye baridi ya Siberia. Kule alitafuta sanduku la mbao lililokuwa tupu, akachora juu yake noti za piano kwa makala, na kila siku akawa anapiga ubao huo kwa mukono aliobakiwa nao. Wenzake walisikia ubao tu. Yeye alisikia muziki.

Hapo hakuna aliyecheka. Goma hii, nani hana ndugu au jirani ambaye mukono wa shati lake unaning'inia? Lévi mwenyewe aliangalia chini.

Maestro akaendelea kwamba kijana aliporudi kwao, kwa kuwa pesa ilikuwepo, aliwaomba watunzi wakubwa wamuandikie muziki wa mukono mumoja. Mumoja wao alikuwa Mufaransa ambaye katika vita hiyo hiyo aliendesha kamyo ya jeshi. Mufaransa akakubali, lakini hakuandika muziki wa kumuhurumia kilema. Aliandika kitu kigumu, cha piano nzima kutoka mwisho huu mpaka ule, ili anayesikiliza asijue kwamba kuna kitu kinachokosekana. Mupiga piano alipousikia mara ya kwanza hakuupenda, kisha akaanza kubadilisha noti kwa hiari yake, na watu hao wawili wakagombana vibaya. "Musifikiri walikuwa watakatifu," Maestro alisema. Watu wakatabasamu kidogo.

"Sasa musikilize tena," alisema, "na mutafute dole gumba. Vidole vinne vinafanya kazi ya chini, vinabeba nyumba. Dole gumba ndilo linaimba. Mutu wa kawaida mukono wake wa kushoto haujawahi kuombwa kuimba. Huu uliombwa, ukajibu."

Muziki ukaanza tena kutoka kwenye udongo. Safari hii Nshobole hakufunga macho, hakuweza. Alipata dole gumba. Lilikuwa pale tangu mwanzo, linaimba wimbo ule wa huzuni juu ya vidole vingine vinavyohangaika, na alipolipata hakuweza tena kulipoteza. Baadaye ukaja mwendo wa askari, wa kupiga miguu, wenye kejeli ndani yake, na ndani ya mwendo huo piano ilikuwa inakimbia kama mutu aliyekataa kukamatwa. Alisikia uzuri, akasikia pia kwamba uzuri ule haukuwa wake. Uso ulimuwaka. Aliona kwamba watu wote wa salle wanajua kilichomo ndani ya shoseti, ingawa hakuna aliyekuwa anamuangalia. Pembeni yake mutoto hakusogeza tena hata kidole.

Mvua ilipopungua watu wakatawanyika. Nshobole alienda mbele kwa Maestro kuomba amutumie ule muziki kwenye simu. Alitaka pia kumuuliza swali lingine: kama mutoto amezaliwa hivyo, anafaa aachwe? Swali lilikuwa kwenye ulimi. Lakini Maestro alishamuona Exaucée, akainama.

"Pole, mutoto wangu. Mukono umefanya nini?"

"Aliungua," Nshobole akajibu kabla mutoto hajafungua mudomo. "Na maji ya moto."

"Pole sana, mama. Apone haraka."

Alisema asante. Walitoka. Barabara ilikuwa na matope meusi, na moto zilikuwa zinarusha maji. Walipita ukuta wa mawe ya volkano, wakavuka. Walipokaribia kwao ndipo Exaucée aliuliza, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, si ya kulaumu:

"Mama, mukono yangu iliunguaka siku gani?"

Nshobole alisimama. Angepigwa kofi katikati ya soko la Virunga asingeona haya kama ile. Alichuchumaa pale pale kwenye matope, akaanza kufungua kitambaa cha kitenge. Mutoto akarudisha mukono nyuma. Alisema koko atakasirika. Alisema kesho ni misa, anaweza kuvumilia mpaka kesho. Na Nshobole, ambaye angepaswa kuitupa shoseti ile kwenye mufereji, aliwaza sakoshi, akawaza boti, akafunga kitambaa upya. Hata alipitisha kidole, kama kawaida yake, kuona kama damu inatembea. Ile haya ya pili ilikuwa kubwa kushinda ya kwanza, kwa maana ya kwanza ilimukuta, na ya pili aliifanya akiwa anajua.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Fortunat mwenyewe ndiye aliyevua shoseti, mulangoni pa kanisa, akaiweka kwenye pochi. Nshobole hakupanda kwa korali. Aliketi nyuma ya binti yake, na Fortunat pembeni yake.

Exaucée alibeba nanasi kwenye kisahani. Alitembea taratibu, akapiga goti, akatoa kwa mukono wa kuume, na wa kushoto akauweka chini ya kiwiko, kama mutu mukubwa anayejua heshima. Hakuna aliyesonya. Mama Fortunat alipumua pumzi ndefu, akamwinamia Nshobole, akamwambia sikioni kwamba ameona mwenyewe, dawa imefanya kazi, basi shoseti iendelee mpaka Noeli, isije ikarudi. Mutoto atabaki Goma.

Ndilo jambo Nshobole alilokuwa ameliomba siku zote zile. Alilipata, na moyo haukuruka.

Wakati wa kupeana amani, watu waligeuka huku na huku kushikana mikono. Exaucée alipeana kuume na kila mutu, hata na wale wa mbali, anazunguka benchi, anainama. Mama Rosine, mukubwa wa wamama wa parokia, ambaye siku ya mayai alisonya kushinda wote, alimushika shavu.

"Amenyooka huyu," akasema kwa Nshobole. "Hongera, mama. Umelea."

Exaucée aliinua macho kumuangalia mama yake, kama alivyomuangalia jana kwenye salle, akingoja kuona kama meno yatatokea.

"Apana, Mama Rosine," Nshobole akasema. "Hajanyooka. Mutoto wangu ni wa kushoto, ndivyo Mungu alimutuma. Ni mimi nilimufungaka mukono na shoseti. Na Maestro nilimudanganya kwamba aliungua."

Hakusema kwa nguvu, lakini mabenchi mawili yalisikia, na la tatu likaambiwa. Mama Rosine aliacha mukono wake hewani. Fortunat aliangalia viatu vyake. Masikio ya Nshobole yaliwaka mpaka mwisho wa misa, na hakupokea komunyo, aliona hafai.

Njiani Mama Fortunat alitembea mbele, mwendo wa mutu aliyekosewa. Hakusema mpaka walipoingia uwanjani mwa nyumba.

"Mambo ya nyumba umeyamwaga mbele ya batu."

"Ndiyo, mama."

"Umeniaibisha."

"Niliaibisha mutoto kwanza, mama. Hiyo ingine yote itanifuata mimi." "Shoseti sitaifunga tena. Na Bukavu hatakwenda. Kama batu banasonya, basonye mimi."

Mama Fortunat alimugeukia mutoto wake wa kiume. Fortunat alikohoa, akasema polepole, akiangalia ukuta, kwamba mwenye mutoto amesema. Ndiyo maneno aliyokuwa nayo siku hiyo. Mama yake alisimama kidogo, uso wake ukazeeka, kisha akaingia chumbani, akatoka na sakoshi, akaiweka juu ya kiti.

"Basi toa nguo zake mwenyewe," alisema. "Mimi sigusi."

Nshobole alipiga magoti, akafungua, akaanza kutoa. Gauni ya misa. Sweta ya shule. Exaucée alikuja kuchuchumaa karibu naye kumusaidia kukunja. Nshobole alitaka kumwambia samahani. Neno lilikuja mpaka kwenye midomo, akaona ni dogo mno kwa kazi iliyopo, lakini alilisema hivyo hivyo. Mutoto aliendelea kukunja sweta kwa mukono wa kuume, vibaya, mikono ya sweta ikitoka nje, anaanza tena, na wa kushoto ukiwa umekaa chini ya paja lake, hauna kitambaa, haujafungwa na mutu. Nshobole alingoja utoke. Hakuuita.